Mara 17 ya nini, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Kwenye kurasa za afya za magazeti yetu, lenu likiwamo, kuna sentensi isiyochoka kurudi: unga wa mlonge una kalsiamu mara 17 ya maziwa. Hesabu yenyewe si ya uongo. Gramu 100 za unga wa majani makavu zina takriban miligramu 2,000 za kalsiamu, na gramu 100 za maziwa zina kama 120. Gawanya, utapata 17.

Lakini nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Ni unga mwepesi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 3. Mama akikitia kwenye uji, mtoto amepata miligramu 60. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kingempa 300. Ili mlonge ukifikie kikombe hicho vinatakiwa vijiko vitano, na uji wenye vijiko vitano vya mlonge mtoto atautema. Aliyesoma habari ile akaacha maziwa akanunua pakiti ya mlonge amepunjwa, tena kwa takwimu sahihi.

Ubuyu nao hutendewa vivyo hivyo. Tunaambiwa una vitamini C mara sita ya chungwa, ilhali unga wa ubuyu ni mkavu na chungwa karibu lote ni maji. Tuchukulie gramu 100 za ubuyu zina miligramu 300, ingawa vipimo hutofautiana sana kati ya mti na mti. Kijiko cha chakula cha gramu 10 kitatoa 30. Chungwa moja la wastani hutoa kama 65. Na hapo moto hatujausemea: wengi huuchemsha ubuyu ndipo wachuje juisi, na vitamini C haivumilii kuchemshwa. Afadhali unga ukorogwe kwenye maji safi yaliyokwisha kupoa. Ule mwekundu wa kumung'unya, uliopikwa na sukari na rangi, tuuite pipi tu yaishe.

Siupingi mlonge wala ubuyu, ni vyakula vizuri. Ninachodai ni kwamba mwandishi akikutana na neno "mara", aulize: kwa gramu 100 au kwa kijiko? Kikavu au kibichi?

Na kwa kuwa tuko Dodoma, zabibu haziwezi kukosekana. Habari ya mvinyo mwekundu kurefusha maisha ilishika kasi mwaka 2006, jarida la Nature lilipochapisha utafiti wa panya waliolishwa mafuta mengi huku wakipewa resveratroli, kemikali iliyomo kwenye ganda la zabibu. Walipewa takriban miligramu 22 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 angehitaji zaidi ya 1,300. Mvinyo mwekundu kwa kawaida una miligramu chache tu kwa lita. Tukiukirimia hata tano, ni lita 260 kila siku. Hapo bado hatujauliza kama mtu ni panya.

Asilimia zina mtego wake. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulieleza kuwa kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa, kama soseji, zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Msomaji anaelewa kwamba watu 18 katika 100 wataugua. Sivyo. Uingereza, ambako kama watu 6 katika 100 huugua saratani hiyo maishani, ongezeko hilo linawafikisha 7. Wakala huo ulipovipanga visababishi vya saratani kwa makundi, soseji ziliwekwa kundi moja na tumbaku kwa sababu uhakika wa ushahidi unalingana. Ukubwa wa hatari haulingani hata kidogo. Nyama choma ya mnadani Msalato haimo kundini humo. Nyama nyekundu isiyosindikwa iliwekwa kundi la chini yake, la "huenda inasababisha saratani".

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri tunao hapa hapa mkoani. Utafiti wa vikope (trakoma, ugonjwa wa macho) uliofanyika Kongwa, uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 1995, ulichukua vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya macho ya kupaka ya tetrasaiklini. Kisha vitatu, vilivyopatikana kwa kura, vikaongezewa kampeni ya kunawisha watoto uso. Vikope vikali vilikuwa vichache zaidi kwenye vijiji vya kunawa. Bila vile vitatu vingine, kazi ya dawa ingesifiwa kuwa ni kazi ya maji. Habari za vyakula nazo zinahitaji ulinganisho kama huo, kwani mara nyingine "wanaokula kitu fulani wana afya" maana yake ni kwamba wana fedha ya kukinunua.

La mwisho ni dona. Kila mara tunahimizwa kuacha sembe, na kwa upande wa virutubisho ushauri huo ni sahihi. Lakini sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, sehemu zile zile ambazo kukoboa huziondoa. Kusonga ugali hakuiui, moto wa jikoni hautoshi. Anayesaga dona lazima kwanza aanike mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, juu ya turubai na si ardhini, kisha achambue na kutupa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi.

Na akipeleka sampuli kupimwa, asichote kikombe kimoja juu ya gunia. Sumu hukaa kwenye punje chache zilizojikusanya mahali pamoja, na kikombe hicho kinaweza kuzikosa zote. Achote juu, kati na chini, kwenye magunia kadhaa, achanganye, asage, ndipo ipimwe. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho halikioni.

Mkiichapa tena habari ya "dona ni bora kuliko sembe", naomba kuanika na kuchambua viwe kwenye aya ya kwanza.

Mtaalamu wa lishe,
Area C, Dodoma