Kaboni haili moshi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu moshi wa mitambo niliisoma mara mbili, maana ni nadra gazeti kuigusa kazi yangu. Ila kichwa chake kilinikera: eti mirija midogo mno ya kaboni, inayoonekana kama unga, "inakula" oksidi za naitrojeni, gesi chafu zilizomo katika moshi huo. Haili kitu. Inabeba tu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na unga huo naupima mwenyewe: mweusi, mwepesi, ukihema vibaya umepeperuka. Wenye kufanya kazi ni chembe za oksidi ya manganizi zilizotandazwa juu yake. Hapo ndipo amonia, gesi inayochanganywa na moshi kwa makusudi, inapokutana na oksidi ya naitrojeni, vikatoka naitrojeni na maji. Bila kibebeo, chembe hujikusanya mabonge, na zilizofichwa ndani ya bonge moshi hauzifikii. Vichocheo vilivyozoeleka (yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha), vya vanadi juu ya oksidi ya titani, hutaka joto la nyuzi 300 hadi 400. Manganizi juu ya kaboni huweza kuchapa kazi chini ya 200. Hapo kuna faida kubwa, kwani moshi uliokwisha kuchujwa vumbi huwa umepoa.

Mirija ikiwa mibichi haishiki metali vizuri. Ukiimwaga majini inaelea. Kwa hiyo tunaichemsha katika asidi ya naitriki, na baadaye ukiimwaga majini inaenea, maji yakawa kama wino. Inapochemka hupanda mvuke wa kahawia, nao ni dioksidi ya naitrojeni yenyewe. Naam, tunamfuga adui ndani ya kabati la kufyonzea mvuke ili tujue namna ya kumfukuza nje.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni kwamba kaboni huungua. Nilipokuwa mgeni kazini niliweka sampuli tanurini, nyuzi 500, nikasahau kufungua mtungi wa naitrojeni, gesi inayofukuza hewa ili kitu kisiungue. Asubuhi nikakuta kijibakuli cha kauri kina vumbi la kahawia lisilojaa ncha ya kijiko. Manganizi, kichocheo hodari, ilikuwa imechochea kibebeo chake kiungue.

Tena mliandika kwamba majaribio yaliondoa karibu gesi yote. Sibishi. Lakini gesi ya mtungini inayotumika maabarani ni kavu na safi, ilhali moshi wa makaa ya mawe una mvuke wa maji na dioksidi ya salfa. Kwenye joto dogo, salfa na amonia hufanya chumvi yenye kunata inayoziba vitundu, na manganizi yenyewe hugeuka salfeti. Nimekaa mbele ya kompyuta nikiutazama mstari wa mchoro unaoonyesha kiasi cha gesi kinachoondolewa ukishuka kabla zamu yangu haijaisha.

Mwandishi wenu akirudi kwa watafiti wale, naomba awaulize gesi yao ilikuwa na salfa kiasi gani, na kichocheo kilidumu humo kwa saa ngapi.

Fundi sanifu, maabara ya vichocheo