Chungu chenye taa ndani

Vadodara, Gujarat
14 Oktoba 2024

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Mimi mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyofundishwa kuandika darasa la sita. Ila safari hii hofu ni ya kweli. Mimba ya miezi minane na jua la Dar, pole sana.

Uliniuliza kuhusu ile picha: "Mbona mnazunguka chungu?" Nilianza kukujibu kwa simu, nikaona nitaharibu. Kaa, nikusimulie.

Ile ni Navaratri, sikukuu ya Wahindu, yaani usiku tisa. Mwaka huu ilianza Alhamisi tarehe 3. Wanafuata mwezi kama sisi, lakini sikukuu zao hazizunguki mwaka mzima kama Idi, kwa sababu kila baada ya miaka kama mitatu wanaongeza mwezi wa 13 ili hesabu irudiane na jua. Ndiyo maana usiku hizi tisa huangukia Septemba au Oktoba, mvua kubwa zikiwa zinaaga. Unakumbuka tulipokuwa tukipita Kisutu usiku, tunasikia ngoma nyuma ya ukuta, wewe ukaapa kwamba ni harusi? Nadhani ilikuwa hii.

Kisa chake nilipewa na Ba, bibi mwenye nyumba wetu, huku anamenya viazi. Palikuwa na jitu lenye umbo la nyati, Mahishasura. Likafanya ibada kali mpaka mungu wao Brahma akaliambia liombe litakalo. Likaomba lisiuawe na mwanamume yeyote, wa mbinguni wala wa duniani. Mwanamke halikumtaja, halikuona haja. "Hapo ndipo alipojimaliza," Ba akasema, wala kisu hakikusimama. Miungu waliposhindwa vita walikusanya nguvu zao zote, akatokea Durga, mungu wa kike. Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu akampa gurudumu lake lenye makali, akapewa na simba wa kupanda. Wakapigana siku tisa. Ya kumi, nyati chini.

Sasa chungu. Wanakiita garbo, ni cha udongo, kimetobolewa matundu pande zote, ndani inawaka taa ndogo. Neno lenyewe limetokana na garbha la Kisanskriti, na garbha, shoga, ni mji wa mimba. Ngoma ikapata jina la garba hapo hapo. Kwa hiyo tulichokuwa tukikizunguka ni tumbo la mama, na ile taa ndiyo uhai uliomo ndani. Mimi mwaka jana nilicheza usiku tatu nikidhani ni disko la kienyeji! Nilipoelezwa nilikumbuka unyago, namna wanawake wanavyojua wanachokizunguka na wapita njia wanasikia ngoma tu.

Viko viwanja vikubwa vya tiketi, watu maelfu, spika kama nyumba, vijana wamefanya mazoezi miezi. Vinapendeza, sikatai, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza garba katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Lakini mimi nazipenda za vichochoroni kwetu, za mji wa kale, chungu juu ya kigoda na bibi wa miaka sabini mbele. Unapiga makofi, unainama, unageuka, duara linakwenda kinyume cha saa. Peku. Mimi niligeuka upande usio, nikagongana na mke wa fundi cherehani, tukacheka mpaka tukapoteza hatua sote wawili. Yale madoa ya mwanga kwenye pindo za sketi uliyoyaona kwenye picha yanatoka kwenye matundu ya chungu.

Ba alifunga siku zote tisa. Hawali nafaka, mlo mmoja, chumvi ya mawe. Nikamwonea huruma mpaka nilipoona anachofuturu: viazi, karanga, matunda na sabudana, vile vipunje vyeupe. Nikauliza vinatokana na nini. Muhogo! Wanga wa muhogo, Mwanaidi. Kwetu mtu akila muhogo ni kwa sababu hana kitu kingine au ni mchana wa Jumapili, huku ndicho chakula cha mfungo.

Najua swali lako la pili. Hapana, sikuabudu. Wakati wa arati, wanapozungusha taa mbele ya picha ya Mama Durga, nilisimama nyuma nikanyamaza. Sahani ya prasad, tuseme tabaruku yao, ilipofika kwangu nilimnong'oneza Ba kwamba dini yangu hairuhusu. Akanipa karanga za jikoni kwake ambazo hazijapelekwa popote, wala uso haukubadilika. Hata hivyo usimsimulie mama, ataniuliza maswali mpaka Ramadhani.

Ninayeishi naye chumba kimoja ni Mbengali, yeye usiku tisa za kucheza hazijui. Kwao Kolkata Durga anakuja kwa wazazi wake na watoto, kama binti aliyeolewa mbali, na siku ya kumi sanamu inashushwa mtoni, anarudi kwa mume. Alikuwa anatazama kwenye simu huku analia. Kaskazini siku hiyo hiyo wanachoma sanamu la Ravana, jitu jingine la visa vyao. Hapa walipanga foleni tangu alfajiri kununua fafda, vipande vikavu vya unga wa dengu, na jalebi zinazochuruzika shira. Za kwangu zimekwisha, usiombe.

Siku hiyo Ba alibeba chungu chake kukipeleka hekaluni. Nikamsindikiza. Njiani nikamwonyesha picha yako na tumbo lako hilo. Akasimama katikati ya njia, pikipiki zinapiga honi.

"Watu wanamzunguka?" akauliza.

Nikamwambia mama mkwe yupo, wifi yupo, nyumba imejaa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, tukaendelea.

Ukijifungua nipigie wewe mwenyewe, usimwachie wifi.

Wako,
Zuhura