Faili Halionekani, Fundi Kabonyeza Dakika Kumi, Mbona Elfu Hamsini?

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja wa hapa Dar, mwenye ofisi ya uwakala wa forodha, alinitumia ujumbe mimi fundi wake wa kompyuta: "Fundi umenipiga. Umebonyezabonyeza dakika kumi, elfu hamsini?" Simlaumu sana. Hata begi la vifaa sikulifungua. Ila malalamiko haya yamezidi, basi acha nijibu hapa hapa.

Ofisini kwake wanatumia folda ya kushea iliyo kwenye seva (kompyuta kuu inayotunza mafaili ya ofisi nzima), kwenye kila kompyuta inaonekana kama draivu Z. Asubuhi hiyo, folda ya nyaraka za makontena ilikuwa imejaa mafaili kwa bosi. Kwa dada wa mapokezi na vijana wanaoshinda bandarini, tupu. Bosi anasema, "Mbona mimi nayaona?" Vijana wanaapa kuna mtu kafuta. Nilikuta wameshaanza kutazamana vibaya.

Hakuna aliyefuta. Bosi mwenyewe alikuwa ameyahamisha jana yake kutoka kwenye folda ya uongozi. Kwenye Windows, faili ukilinakili, nakala inachukua ruhusa (nani anaweza kulifungua) za folda inakoingia. Ukilihamisha ndani ya diski ileile, linahama na ruhusa zake za zamani, kama mpangaji aliyekuja na kufuli lake. Na seva ile imewekwa imfiche mtu chochote asichoruhusiwa kukifungua, kwa hiyo vijana hawakuona hata majina. Kuyafanya mafaili yarithi ruhusa za folda mpya kulichukua dakika mbili. Nane zilizobaki nilikuwa nauliza: nani anaona, nani haoni, tangu lini, nani aligusa nini jana. Hizo nane ndizo mnazolipia.

Maana ninayajua matengenezo ya dakika moja. Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, tatizo hilohilo lilitatuliwa na mpwa wa mwenye duka: aliingia kwenye seva akampa kila mtu ruhusa zote. Mafaili yakaonekana, kijana akanunuliwa soda. Haukupita mwezi, mtu wa stoo akawa anajua mshahara wa kila mmoja, na mtu mwingine, mpaka leo hajajulikana, akafuta folda ya ankara. Faili likifutwa kwenye seva kupitia mtandao wa ofisi haliendi kwenye pipa la takataka la kompyuta yako. Limekwenda, labda seva iwe inatunza nakala za awali au una bakapu. Wao hawakuwa na hata kimoja. Mpwa akapakua programu ya bure ya kurejesha mafaili, akaiingiza kwenye diski ileile ya seva, nayo ikaandika juu ya sehemu zilezile tulizokuwa tunazitafuta. Tulikaa siku mbili, tukaokoa karibu nusu. Bili yake siitaji hapa, lakini elfu hamsini haikuwa.

Kisa kingine ni cha fleshi. Shule moja ilitaka kuifomati yote (kufuta kila kilichomo) kwa kuwa folda zimegeuka vialama vya mkato (shortcut) vitupu. Nilimwomba mwalimu abonyeze kuangalia nafasi ya fleshi: GB 38 zimetumika. Mwalimu, fleshi tupu inatumiaje GB 38? Kirusi kilikuwa kimezificha folda kwa kuzipa alama za mafaili yaliyofichwa na ya mfumo. Tukasafisha kirusi kwanza (ukianza na folda zitafichwa tena jioni), kisha amri moja, attrib -h -s /s /d, vikarudi vyote hadi matokeo ya mitihani.

Bei yetu ni hiyohiyo: elfu hamsini ndani ya jiji, nauli humo humo, na risiti ya EFD (mashine ya kodi) unapata. Kabla hujapiga simu, kaa kwenye kompyuta ya mwenzako, uingie kwa jina lako, uone kama faili linaonekana hapo. Usifomati, usiingize programu yoyote, na mpwa asubiri nje. Nikifika nitauliza aliyegusa jana ni nani. Tafadhali bosi naye ajibu.