Kesi ya mikoko: tusikawie

Wenzangu, hamjambo? Wengi mnauliza korti itatusikiza vipi na hakuna kati yetu aliyeumia. Itatusikiza. Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakimlazimishi mlalamishi kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au jeraha. Mazingira yenyewe yanatosha!

Ninachohofia mimi ni muda. Rufaa ya leseni kwenye jopo la kitaifa la mazingira hukatwa ndani ya siku 60. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji wa Lamu, walipitia huko huko, na Juni 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ikafutwa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Aliyepiga picha tangazo lililobandikwa kwa chifu aitume hapa leo, tafadhali, tarehe na muhuri vionekane, tupate kuhesabu siku zetu.