Mpwa wangu, hiyo e idai

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata pamoja na picha ya cheti cha ndoa. Niliisoma usiku, nikairudia alfajiri, maana niliona umeumia. Mume wako ni Clarke, kwenye cheti wamemwandika Clark, na ulipouliza, mhudumu akakujibu kwamba e hiyo ni pambo tu, haitamkwi, unahangaikia nini. Na huku nyumbani nako umesikia maneno: eti umejibebesha jina la Kizungu lisilo na maana yoyote. Nakujibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Mabinti wetu wengi walioolewa huko Uingereza wanabeba majina ambayo hakuna aliyewafafanulia.

Jina lako jipya maana yake ni Karani.

Ndiyo, karani. Kazi aliyoifanya babu yako kwa kalamu ya kuchovya, na mimi mjomba wako nikaifanya miaka 31 mahakamani, nikiandika majalada ya watu mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Wakikuuliza tena umeolewa kwa nani, waambie umeolewa kwa kina Karani, kutoka kwa kina karani.

Neno lenyewe limetembea sana. Kwa Wagiriki kleros ilikuwa kura, au fungu mtu alilorithi. Wakristo wa mwanzo wakalichukua kwa watumishi wa kanisa, na kwa Kilatini mtumishi huyo akawa clericus. Wakatoliki wetu wanaposema wakleri, yaani watumishi wenye daraja, na walei, yaani waumini wa kawaida, ni neno hilohilo limetufikia kwa njia nyingine. Uingereza likawa clerk, na kwa kuwa enzi hizo waliojua kusoma na kuandika walikuwa hasa watu wa kanisa, kila aliyeshika kalamu akaitwa hivyo, hata kama alikuwa anahesabu magunia ya bwana wake.

Utaniuliza, kama walikuwa watu wa kanisa, watoto wa kurithi jina walitoka wapi? Mapadre walikatazwa kuoa, lakini wale wa daraja za chini waliruhusiwa. Wakaoa, wakazaa, na majina ya ukoo yalipoanza kushika mizizi kati ya karne ya 11 na ya 14, mtoto wa karani akabaki Karani hata kama yeye mwenyewe alilima viazi vya kizungu au kuchunga kondoo. Samahani, viazi hivyo vilikuwa bado kufika Ulaya. Tuseme alilima shayiri.

Kusoma kulikuwa na uzito kiasi gani, nikuonyeshe. Mahakama za kifalme hazikuwa na ruhusa ya kumnyonga mtu wa kanisa kwa makosa mengi, naye alijithibitisha kwa kusoma. Polepole nafuu hiyo ikamfikia mtu yeyote aliyeweza kusoma, na aya iliyozoeleka ilikuwa mwanzo wa Zaburi ya 51: Ee Mungu, unirehemu. Watu wakaiita aya ya shingo. Mwaka 1598 mwandishi wa tamthilia Ben Jonson alimuua mwigizaji Gabriel Spencer katika pambano la panga, akaomba nafuu hiyo, akasoma, akaachiwa na alama ya moto kwenye dole gumba ili asiitumie mara ya pili. Sheria hiyo ilifutwa England mwaka 1827. Mimi niliyekaa kizimba kwa kizimba miaka yote hiyo, kila nikiifikiria nashtuka: mstari mmoja, na mtu anarudi kwake.

Sasa tahajia. Zamani clerk lilitamkwa kwa sauti ya e. Kuelekea mwisho wa Enzi za Kati er ikaanza kugeuka ar vinywani mwa Waingereza. Kwingine maandishi yakafuata mdomo: ferme ikawa farm, sterre ikawa star. Kwingine yakabaki nyuma, ndiyo maana huko uliko wanaandika clerk na kusema klaak, wanaandika Hertford na kusema Haatfod. Walowezi waliovuka bahari wakauita mji wao Hartford, kule Connecticut, kama sikio lilivyosikia. Jina la ukoo nalo likafuata sikio, likawa Clark. Si kwa wote: mwanafizikia wa Scotland, James Clerk Maxwell, familia yake ilishikilia Clerk, lakini hutamkwa Klaak vilevile.

Na e ya mwisho? Waandishi wa kale hawakuwa na tahajia moja. Huyu aliongeza e, yule akaiacha, na mtu mmoja aliweza kuandikwa kwa namna mbili katika rejista moja. Kwa hiyo Clark si sahihi kuliko Clarke, wala Clarke si Clark iliyovalishwa kilemba. Zote ni za zamani, kila familia imeshika yake.

Lakini usiiache. Niliona kesi ya mirathi ikisimama miezi na miezi kwa sababu marehemu alikuwa Athumani kwenye hati ya shamba na Othman kwenye cheti cha kifo. Watoto walijua ni baba yao, mtaa mzima ulijua, lakini jalada halikujua, mpaka kikaapwa kiapo cha majina. Rudi ofisini, nenda na pasi ya mume wako, omba cheti kirekebishwe kabla mtoto hajazaliwa na kuandikwa. Wala usikubali kuweka sahihi mahali jina lako halijakaa sawa.

Jambo la mwisho. Muulize baba mkwe wazee wake walitoka upande gani. Akisema Ireland, mkalishe akusimulie vizuri. Huko kuna ukoo wa Ó Cléirigh, wazao wa mtu aliyeitwa karani, jina lililokuwepo tangu karne ya 10, miongoni mwa majina ya kurithi ya kale kabisa Ulaya. Chini ya utawala wa Kiingereza wengi wao wakageuzwa kuwa Clarke, wengine Cleary. Mmoja wao, bruda Mfransisko Mícheál Ó Cléirigh, aliongoza kazi ya kukusanya habari za kale za nchi yake, mwaka kwa mwaka, kati ya 1632 na 1636, wakati mambo mengi ya watu wake yalikuwa hatarini kupotea. Kama mume wako ni wa huko, basi e hiyo ina habari nyingine kabisa, na mimi nataka kuisikia. Nipigie ukishamuuliza, hata kama ni usiku.

Mjomba wako