Kidonge cha asubuhi, mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku Sahare hatujambo, mama yako anakusalimu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema utafiti wa Uswidi umeonyesha kwamba vile vidonge vinavyoitwa beta-bloka havina faida kwa aliyepata mshtuko wa moyo, basi niviache. Najua ni mapenzi. Lakini sitaviacha.

Utafiti huo ni wa kweli, ulitoka mwaka 2024. Sifa za vidonge hivi zilianza miaka ya 1980, kabla watu hawajazibuliwa mishipa haraka kama leo, na madaktari wana haki ya kuuliza upya. Ila waliochunguzwa ni wale ambao moyo wao bado unatoa asilimia 50 au zaidi ya damu yake kila pigo. Mimi eko yangu, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ilisoma asilimia 35. Daktari alinigeuzia kioo nikajionea: ukuta mmoja wa moyo unajikunja na kukunjuka, mwingine umekaa tu kama ubao. Nyama ile ilikufa siku mshipa ulipoziba, na haioti tena.

Iliyobaki ndiyo ya kulindwa. Moyo ukidhoofika, mwili huumwagia adrenalini kuuchapa uende mbio. Siku mbili tatu inasaidia. Miezi ikipita moyo unatanuka na kulegea. Metoprololi, ndiyo beta-bloka ninayomeza, inakaa mlangoni adrenalini isipite, moyo unapiga taratibu na kuhitaji oksijeni kidogo. Tena nyama ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake moyo unapopumzika, kati ya pigo na pigo. Ukienda mbio, pumziko linafupika, unajinyima riziki yake wenyewe. Wewe umekulia chelezoni, unajua: jahazi lenye ubao uliopasuka halikimbizwi kwa tanga zima.

Na kukatisha ghafla ndiko ninakokuogopa zaidi. Mwaka jana tulikwenda msibani Pangani, nikasahau paketi nyumbani. Siku ya tatu nimekaa mkekani, sijanyanyua hata ndoo, moyo ukaanza kudunda mpaka masikioni. Mama yako akanishika kifundo cha mkono, akahesabu kwa saa yake: 118. Kawaida yangu ni 60. Kliniki wakanieleza kwamba mwili uliozuiliwa adrenalini huongeza milango, sasa dawa ikikosekana inaingia kwa fujo. Hata siku ya kuacha ikija, hupunguzwa kidogo kidogo.

Ami yako naye aliniomba nimgawie viwili vitatu, eti moyo unamwenda mbio. Nimemkatalia, ana pumu. Dawa hii inaweza kumbana kifua. Usimwache aninunie, mpigie umweleze.

Kwenda Ngamiani bado naenda kwa baiskeli, nikichoka nashuka naikokota. Tarehe 14 napimwa eko tena. Ujumbe wako nitamwonyesha daktari, maana namba ikipanda, swali lako litakuwa langu pia. Nikitoka tu nitakupigia.

Baba yako