Tukizungumzia sarafu moja, tuikumbuke rupia ya Zanzibar

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa sarafu moja ya Afrika Mashariki, wataalamu wetu hukimbilia mfano wa yuro. Mbona hawaitaji Zanzibar? Visiwa hivi vilikwishaiacha sarafu yao na kuingia katika ya pamoja tangu mwaka 1936.

Noti za rupia za Serikali ya Zanzibar zilianza kutolewa mwaka 1908. Thamani yake ilikuwa sawa na rupia ya India, maana biashara ya Unguja ilifungamana mno na Bombay. Mwaka 1936 ikaipisha shilingi ya Afrika Mashariki, iliyokwisha kuenea Kenya, Uganda na Tanganyika. Rupia moja ilipata shilingi moja na nusu.

Kiwango hicho hakikuwa cha dhuluma, kwani rupia ya India nayo ilikuwa na thamani hiyohiyo. Linaloniuma ni kwamba mambo ya shilingi ile yaliamuliwa na Bodi ya Sarafu iliyokaa London. Mchuma karafuu wa Pemba hakuwa na sauti humo, ilhali yeye ndiye mwenye hesabu ngumu: senti moja ya rupia ni senti moja na nusu ya shilingi. Kitu cha senti moja kikiuzwa mbili, mnunuzi kaumia. Kikiuzwa moja, muuzaji kaumia. Mwenye mamia ya rupia hahangaishwi na nusu senti.

Leo tunayo Itifaki ya Umoja wa Fedha, mkataba wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuwa na sarafu moja, iliyotiwa saini Kampala mwaka 2013. Lengo la 2024 limepita, sasa tunaambiwa 2031. Nawaomba magavana wa benki kuu zetu watueleze mapema, kwa Kiswahili cha sokoni: viwango vitapangwaje, bei ndogondogo zitakadiriwaje, na noti za zamani zitapokewa hadi lini? Hili la mwisho ni zito. Benki Kuu ya Ujerumani hadi leo inapokea mark, sarafu yao ya kabla ya yuro, bila kikomo, lakini Ugiriki ilifunga mlango wa noti za drakma, sarafu yake ya zamani, mwaka 2012. Kwetu fedha za vikoba hulala sandukuni, na wazee wengi vijijini huweka akiba zao ndani. Mlango wetu uwe kama wa Wajerumani, na jambo hilo liandikwe katika sheria kabla noti mpya ya kwanza haijachapishwa.

Msomaji wako,
Unguja